Kulia Maji, Kushoto Mwani

1

Ukimwona mtaalamu wa kuvumwani amepiga magoti juu ya mwamba, amejikumbatia na kubana mikono kwapani, usidhani anasali. Analea chupa.

Ndivyo tulivyofanya sote pale kituoni, kwenye nyanda za juu za kaskazini kabisa mwa Norwe, ambako hata mwezi wa sita upepo wa asubuhi huweza kugandisha mdomo wa chupa ya kunyunyizia. Kuvumwani ikikauka huwa kijivu, imejifunga, haikuambii kitu. Inyunyizie maji, na ndani ya sekunde chache rangi inapanda kutoka ndani. Hapo unajua kama mwani wake ungali hai. Kwa hiyo kila asubuhi unaiweka chupa ya maji ya mvua kwapa la kulia, ndani ya koti, ili joto la mwili liilinde, ndipo unatoka kwenda kwenye viraka.

Kwapa la kushoto lilikuwa la chupa ya pili. Hiyo ilibeba mwani wa Shengena.

Mimi ndiye niliyeukwangua mwani huo kutoka kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Upare, chini ya mlima Shengena, jiwe ambalo mchana linaunguza nyayo na alfajiri limeloa umande wa baridi. Maabara iliufundisha mambo mawili zaidi: kuishi ndani ya kuvu isiyo yake, na kukua upesi. Kuvumwani, kwa asiyeijua, ni viumbe wawili katika mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika. Huku kaskazini mpishi alikuwa anakufa kwa joto na nyumba inabomoka. Sisi tulikuwa tumeleta mpishi mwingine, na alitakiwa akae miaka kumi ndani ya banda la kioo lililofungwa, ng'ambo ya kilima, hadi tumjue tabia. Akiwa bado majini baridi inamuua, basi tulimbeba mwilini kutoka maabara hadi bandani, mwendo wa dakika arobaini, na njia ilipita katikati ya viraka.

Kulia maji, kushoto mwani. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, kwa sababu hakuna aliyefikiri mtu anaweza kuusahau mkono wake wa kulia.

Tarehe tisa mwezi wa sita niliamka bega la kulia likiniuma. Jana yake nilikuwa nimebeba fremu ya kupimia peke yangu, kwa ubishi tu. Nikahamishia maji kushoto na mwani kulia, kwa kuwa chupa ya maji ndiyo nzito. Nikajiambia nitakumbuka. Nilipofika kiraka cha kumi na saba nilipiga magoti, nikaweka fremu, na mkono ukaenda ulikozoea kwenda kila asubuhi kwa miaka minne. Nikanyunyiza mara tatu. Nikaandika daftarini: imekufa, asilimia tisini na moja.

Nilikuja kujua bandani, nilipoinamisha chupa juu ya trei nikaona maji matupu yanatoka, si mwani wa kijani.

Juu ya mlango wa maabara palikuwa na bati lenye maneno ambayo kila mmoja wetu aliyasoma kwa sauti mwanzoni mwa msimu, kisha akatia sahihi. *Kiumbe cha maabara kikitoka kwa kosa, mvuke ndani ya siku saba. Kikitolewa kwa kusudi, pasiguswe hadi baraza lihukumu.* Mvuke ni mashine. Inatembea kwa minyororo kama kifaru cha vita na kuupika udongo hadi kwenye mwamba, kilomita moja kila upande kutoka mahali palipovuja. Inapopita hapaoti kitu kwa miaka hamsini. Sentensi ya pili iliwekwa na wanasheria; walisema mahali pa uhalifu ni ushahidi, na ushahidi haupikwi. Tulikuwa tukiisoma haraka haraka tukicheka. Nani angefanya kusudi?

Nilipita chini ya bati hilo jioni ile na chupa zangu mbili. Wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu chumvi ya maharage. Niliketi nikala.

2

Viraka vilikuwa sitini, kila kimoja mita moja kwa mita moja. Thelathini vimezungushiwa kuta fupi za plastiki angavu zinazokamata jua, na thelathini viko wazi kwa ajili ya kulinganishia. Waliovianza, miaka arobaini na moja nyuma, walitaka kuona mimea itafanyaje dunia ikipata joto. Sasa joto la nje lilikuwa limelifikia lile la ndani ya plastiki, na hakukuwa na cha kulinganisha tena. Katika vyote sitini kuvumwani nyeupe, ile inayoliwa wakati wa baridi na reinde, wale wanyama wa pembe jamaa ya kulungu, ilikuwa imegeuka ugoro wa kahawia. Vichaka vilikuwa vinapanda juu yake.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba kiraka cha kumi na saba kilianza kurudi.

Kwanza vijiti vidogo, vyeupe kama chaki, vikichipua kutoka kwenye ule ugoro. Baada ya wiki mbili vilikuwa mto wa kulalia. Kuvumwani ya kawaida hukua milimita tano kwa mwaka. Hii ilikwenda sentimita moja kwa mwezi. Nilijiambia labda ni mvua. Labda ni kivuli cha jiwe. Unaweza kuishi vizuri tu na labda, ikiwa wewe si mwanasayansi. Mimi labda inanila usiku na mchana.

Basi tarehe ishirini na tatu mwezi wa saba nilikwenda kwenye kiraka cha kumi na nane. Bega lilikuwa limepona. Maji yalikuwa kulia, mwani kushoto. Niliingiza mkono kushoto, nikatoa chupa, nikaisoma lebo, nikanyunyiza mara tatu.

Hiyo ya pili nataka ikumbukwe.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Dakta Wanza alikuja kukagua. Dakta Wanza Mutinda, Mkamba wa Makueni, mkuu wa kituo, alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane na magoti mabovu yaliyoharibikia juu ya mawe hayohayo. Alisimama mbele ya kumi na saba na kumi na nane kwa muda mrefu.

"Mbwambo," akaniita. "Sasa wewe, hivi viraka unavilisha nini?"

"Sina ninachovilisha, Dakta."

"Nyinyi Wapare mna siri. Mtu anakaa na nyati zizini anakuambia ni mbuzi." Akapiga magoti kwa taabu, akatoa chupa kwapani, akanyunyiza. Rangi ya kijani ikapanda kama uso wa mtu anayeamka. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Miaka kumi na tisa," akasema bila kunitazama. "Miaka kumi na tisa nahesabu vifo. Kila mwaka naandika ripoti ya vifo, wananijibu ahsante kwa takwimu. Leo, haki, nimehesabu kitu kinachoishi. Inajitibu, Mbwambo. Yenyewe."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache: si yenyewe, ni mimi. Badala yake nilimpa mkono asimame, na alipokuwa akijipangusa magoti niliona kitu ambacho yeye, kwa machozi, hakukiona. Kwenye kona ya kumi na nane palikuwa na ua dogo la zambarau lililonata kwenye mwamba. Lilichorwa kwenye ramani ya kwanza kabisa ya kiraka, na kila mwaka tangu hapo. Kuvumwani yangu ilikuwa imelipanda. Petali mbili tu zilikuwa zimebaki nje.

Kesho yake hazikuwepo.

3

Risten alikuwa na reinde, na malisho yake ya baridi yalikuwa mteremko uleule wa viraka. Alikuwa Msami, mtu wa nchi ile tangu zamani kuliko ramani. Tulizungumza kwa kitafsiri cha sikioni. Changu kilikuwa kimefundishwa Kiswahili na sauti za watangazaji wa redio, basi kila alichosema mama yule kilinijia kama taarifa ya habari.

"Mheshimiwa mtaalamu," kikasema kitafsiri, huku Risten mwenyewe akitema mate pembeni na kukaa juu ya jiwe, "imebainika kwamba sehemu hii iko hai."

"Ndiyo, mama."

"Wengine wote wanalia kwamba malisho yamekufa. Kaka yangu Ánte analia. Hapa kwako kuna nini?"

Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza ana reinde wangapi. Alininyamazia siku mbili, hata salamu hakuitikia. Baadaye Dakta Wanza alinieleza kwamba kwao hilo haliulizwi, na mwenye mifugo hasemi idadi kwa mtu asiye wa nyumba yake. Niliona aibu maradufu, maana hata kwetu hakuna anayesimama zizini kwa mtu akaanza kuhesabu kwa kidole. Tangu hapo tulielewana. Alikuwa akija kukaa karibu nasi tukihesabu mimea ya viraka kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi mia na zaidi, anasikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo.

"Ni jiwe, mama," nikasema. "Hapa jiwe ni zuri. Linatunza unyevu."

"Itafika mwaka ujao?"

"Itafika."

Akaitikia kwa kichwa. "Katika hatua nyingine," kitafsiri kikaendelea, "nitamwachia Ánte malisho ya mashariki, kwa sababu yeye hana kitu. Mimi nitaleta wanyama wote hapa kabla ya theluji. Neno la mtaalamu linanitosha."

Akaondoka akiimba kitu puani. Kitafsiri hakikujua cha kufanya na wimbo, kikanyamaza.

Nimefanya makosa mengine maishani. Nimevunja ahadi, nimemjibu mama yangu vibaya. Hakuna hata moja linalonirudia kama neno *jiwe*.

4

Nilikwenda kwa Dakta Wanza kabla ya chakula cha mchana siku ya pili. Alikuwa anaandika makala kuhusu kuvumwani inayojitibu. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa mpigo: bega, chupa, kumi na saba, kumi na nane, ua la zambarau, Risten.

Alivua miwani. Aliifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ulinitazama nikilia," akasema.

"Ndiyo, Dakta."

"Ukanishika mkono."

Alifuta makala yake, ukurasa baada ya ukurasa, mbele yangu, bila haraka. Halafu akafungua droo akatoa fomu, na alipoanza kusema tena sauti yake ilikuwa ya mkuu wa kituo.

"Sikiliza vizuri. Hii ni fomu ya kosa. Utaandika bega, utaandika chupa. Hapa chini unaomba radhi kwa baraza, unatia sahihi. Mvuke unakuja ndani ya siku saba. Utapewa onyo, msimu ujao utarudi kazini. Watu huvujisha vitu. Mimi mwenyewe nimewahi kuvujisha, kidogo, bandani."

"Na kumi na nane?"

"Kumi na nane ni jirani ya kumi na saba. Upepo ulivusha."

"Upepo haukuvusha. Nilisoma lebo."

"Mbwambo. Nakuambia upepo ulivusha."

Nikamuuliza Risten atapeleka wapi wanyama. Alitazama dirishani. Mvuke ungekula hekta mia tatu na zaidi, mteremko mzima. Malisho ya mashariki yalishatolewa, na kwa watu wale neno likishatoka kwa ndugu halirudi. Kusini vichaka vilikuwa vimemaliza kila kitu. Mwaka uliopita mvua ilinyesha katikati ya baridi, ikaganda juu ya theluji kama sahani, na reinde walikufa wakikwangua barafu kwa kwato.

"Najua," akasema Dakta Wanza. "Unadhani sijui? Lakini hicho kitu chako kimekula ua lililoishi pale kabla hujazaliwa. Kimekula kwa wiki tano. Tukikiacha baridi nzima, kwato za wanyama zitakibeba hadi wapi? Wewe uko tayari kujibu?"

"Hapana."

"Basi tia sahihi."

"Nipe hadi kesho," nikasema.

5

Kwa Risten ni mwendo wa saa mbili. Nilimkuta anashona kamba ya kufungia sleji, kile kigari cha kuburutwa kwenye theluji, nje ya kibanda chake. Nilimwambia yote kama nilivyomwambia Dakta, ila polepole, ili kitafsiri kisipotoshe.

Aliendelea kushona hadi mwisho wa kamba.

"Ulisema ni jiwe," kitafsiri kikasema.

"Nilidanganya, mama."

"Wanyama wakila hiyo, watadhurika?"

"Sijui. Bandani tuliwapa panya, hawakudhurika. Panya si reinde."

"Itamaliza mimea mingine?"

"Sijui. Mmoja imeshaumaliza."

"Na mkiipika kwa mvuke?"

"Wanyama wako hawatakuwa na pa kula baridi hii. Hilo najua."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kukasirika zamani na sasa anafikiri kazi. Hakuniomba kitu. Ningependa angeomba, ningekuwa na wa kumtupia mzigo. Alitoa kitafsiri sikioni mwake, akakiweka juu ya kipande cha ubao, akanionyesha kwa kidole nami nitoe changu. Nikatoa. Nilijua hajui hata neno moja la Kiswahili.

Nilikuwa nimekosea hilo pia. Miaka minne alikuwa amekaa juu ya mawe akitusikiliza tukihesabu.

"Mia mbili," akasema Risten, akitafuta kila neno kama anayevuka mto kwa mawe. "Mia mbili. Na kumi. Na nne."

Kisha akarudi kwenye kamba yake.

6

Tarehe tano mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, Dakta Wanza aliweka kinasa sauti mezani. Fomu ya kosa ilikuwa pembeni yake, na kalamu juu yake, kwa ajili yangu. Alitaja jina lake na cheo, akataja langu: Namkunda Mbwambo, mtaalamu wa kuvumwani, miaka ishirini na tisa.

"Eleza kilichotokea."

"Tarehe tisa mwezi wa sita nilinyunyiza kiraka cha kumi na saba kwa mwani wa Shengena. Hilo lilikuwa kosa. Nililificha. Tarehe ishirini na tatu mwezi wa saba nilinyunyiza kiraka cha kumi na nane. Hiyo ilikuwa kwa kusudi."

Dakta alizima kinasa.

"Wewe msichana, unajua umesema nini? Hiyo si onyo tena. Hiyo ni jela, ya hukuhuku au ya kwenu, watachagua wao. Hutashika lenzi tena maisha yako yote. Na baraza likikaa, mimi sitakutetea. Nitasimama niseme ulinidanganya, kwa sababu ulinidanganya."

"Sema, Dakta. Ndiyo ukweli."

"Unafanya haya kwa ajili ya yule mama."

"Baraza linakaa miezi mingapi?"

Tulijua sote. La mwisho lilikaa miezi kumi na minne. Hadi lihukumu, pasiguswe, hata kumi na saba kilicho jirani. Theluji ingekuja, wanyama wangechimba, wangekula, na majani mapya yangetoka kabla mtu yeyote hajawasha mashine.

"Na kikienea?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini, si ya mkuu wa kituo. "Namkunda. Kikienea nyanda nzima, kikamaliza kila ua?"

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu.

"Nitakuwa nimekieneza mimi," nikasema. "Hadi watakapokuja kunichukua nitakuwa ukingoni mwa ule mteremko kila siku, nang'oa kwa mkono kila kinachotoka nje ya alama. Sijui kama itatosha. Washa."

Aliwasha. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa muda.

"Mhojiwa amekiri kusudi," akasema. "Je, kuna wanyama wanaotumia eneo hilo?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Hilo siulizwi, na sisemi."

Dakta Wanza aliinua macho, na kwa nukta moja nilidhani atatabasamu. Akageuza ukurasa hadi kwenye swali la mwisho, lile ambalo ni lazima lisomwe kama lilivyoandikwa.

"Je, mhojiwa anaomba radhi kwa baraza, kwa kituo, na kwa viumbe vya eneo hili?"

Nilifikiria ua la zambarau. Nilifikiria mabega ya Dakta yakitikisika juu ya kiraka, na neno *jiwe*. Hatia ninayo, haikunipa hata siku moja ya kupumzika tangu mwezi wa sita. Lakini mtu akiomba radhi anasema kwamba akirudishwa pale, mkono ungekwenda kwingine. Mbele ya kumi na saba ungekwenda kwingine. Nilijaribu kuuona mkono wangu mbele ya kiraka cha kumi na nane, chupa mkononi, lebo ikisomeka. Nikaunyoosha tena na tena, na kila mara ulinyunyiza.

Niliisukuma fomu ya kosa, pamoja na kalamu yake, hadi upande wa pili wa meza.

"Siombi radhi," nikasema. "Andika hivyohivyo."